Treni ya vitofali na hesabu zisizokubaliana

Chukua rula upime nafasi iliyopo kati ya reli mbili za treni ya LEGO, kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Utapata milimita 37.5. Kampuni hiyo ya Billund, Denmark, ilitoa treni zake za kwanza mwaka 1966, na tangu hapo imebadilisha mota, umeme, rangi ya reli na hata namna treni inavyoamrishwa, ila nafasi hiyo haijaiguza. Behewa la wakati ule linapita leo kwenye reli iliyonunuliwa jana.

Sasa jiulize: treni hiyo ni ndogo kuliko ya kweli mara ngapi? Inategemea unaifananisha na ipi. SGR, ya Tanzania na ya Kenya, ina reli zilizoachana milimita 1435. Gawanya kwa 37.5, unapata 38. Reli ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na ile ya Mombasa hadi Kisumu, ni za mita moja kamili. Hapo unapata 27. TAZARA ni milimita 1067, unapata 28 na ushee. Yaani hujagusa kitofali hata kimoja na tayari una majibu matatu.

Behewa langu la kwanza nililijenga bila kujiuliza swali hilo. Lilikuwa refu, madirisha kumi na mawili kila upande, na mezani lilipendeza kweli. Liliingia kona ya kwanza likaning'inia nje ya reli kama mtu aliyeshika mlango wa daladala, likakwangua stesheni, likalala ubavu. Nilidhani nimekosea kujenga. Kumbe nilikosea hesabu, tena hesabu ambayo mafundi wa reli za kweli wameihangaikia tangu karne ya 19.

Nieleze hesabu yenyewe.

Kinundu ndiyo futi

Anayejenga kwa vitofali hapimi kwa sentimita. Anahesabu vinundu, vile vijiduara vya juu ya kitofali vinavyobana kitofali kinachofuata. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Kitofali cha kawaida kina kimo cha milimita 9.6, na bamba, kile kipande chembamba, ni theluthi ya hapo: 3.2. Vipimo hivi ni vya mfumo ulioombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na ndivyo vinavyofuatwa hata na viwanda vingine vinavyotengeneza vitofali vya kuingiliana na LEGO.

Shika namba moja tu hapo, kwa sababu nitaidai baadaye: mabamba matano yakipangwa juu ya mengine yanafikia milimita 16, ambazo ni vinundu viwili kamili.

Treni zinazouzwa madukani kwa watoto nyingi zina upana wa vinundu 6, yaani milimita 48. Behewa la kweli, chukulia lina upana wa mita 3. Gawanya: umelipunguza mara 62 na kidogo. Lakini tumeshaona reli zake, kama ni za SGR, zimepunguzwa mara 38 tu. Mwili umepungua kwa kiasi kimoja na miguu kwa kingine. Ndiyo maana treni ya dukani inaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Ukitaka mwili uilingane reli ya SGR, behewa liwe na upana wa karibu vinundu 10. Ukitaka uilingane reli ya mita moja, upana ufike vinundu 14. Watu wazima wengi wanaojenga kwa umakini wameamua kusimama kwenye vinundu 8. Ni milimita 64, na mita 3 zikiwa milimita 64 umepunguza mara 47. Kwa mazoea wanaiita skeli ya 1:48, moja kwa arobaini na nane, ambayo ni skeli ya zamani inayotumiwa pia na wajenzi wa treni za chuma.

Hapo mwili unapendeza, kuna nafasi ya kuweka viti ndani na mota chini. Ila zidisha 37.5 kwa 48 uone reli zenyewe zimekuwa nini: milimita 1800. Reli ya India, iliyo pana kuliko zote zinazobeba abiria kwa wingi leo, ni milimita 1676. Mjenzi wa skeli ya 1:48 anaendesha treni kwenye reli pana kuliko hata hiyo ya India, na hajali. Ameamua kudanganya kwenye reli ili aseme kweli kwenye mwili.

Kazi yote iko hapo. Upana wa reli, upana wa mwili na ukali wa kona haviwezi kuwa vya kweli kwa pamoja. Unachagua uongo utakaa wapi, kisha unaupaka rangi.

Kona

Upana unaudanganya kwa jicho. Kona hudanganyi. Ama treni inapita, ama haipiti.

Kona ya LEGO wajenzi wanaiita R40. Maana yake, kutoka katikati ya duara hadi katikati ya njia ni vinundu 40, sawa na milimita 320. Vipande 16 vinafunga duara zima, na duara hilo linaenea kwenye meza ya kulia chakula. Kwa mtoto hilo ni jambo jema. Kwa skeli ni balaa: milimita 320 mara 48 ni mita 15 na kidogo. Hata lori refu lingelalamika kwenye kona ya mita 15, sembuse treni. Njia kuu za reli hupinda kwa nusu kipenyo cha mamia ya mita. Chukua kona ya mita 200, ambayo kwa dereva wa treni ni kali, ipunguze mara 48: unahitaji nusu kipenyo cha zaidi ya mita 4 sebuleni kwako. Duara zima ni mita 8. Nyumba yangu haina chumba hicho, na sidhani kama yako inacho.

Kwa nini kona kali inaua behewa refu? Chukua sinia la duara, weka rula juu yake ili ncha zake mbili ziguse ukingo. Ncha zimo kwenye ukingo, lakini katikati ya rula imeingia ndani ya sinia. Rula ikiwa fupi, inaingia kidogo. Ikiwa ndefu, inaingia sana, na haiongezeki kwa usawa: ukizidisha urefu mara mbili, kuingia kunazidi kama mara nne. Behewa ni hiyo rula. Pale ncha zinapogusa ndipo yalipo magurudumu.

Nisimame kidogo kwenye neno. Mitaani tukisema bogi tunamaanisha behewa zima: "treni ina mabogi kumi". Lakini bogi la fundi wa reli ni kile kigari cha chini chenye ekseli mbili, kinachozunguka kwenye mhimili wake ili magurudumu yafuate reli wakati mwili wa juu umebaki umenyooka. Humu nitaliita bogi kwa maana hiyo ya fundi. Behewa lina mabogi mawili, moja kila upande.

Sasa weka namba. Behewa la abiria la kisasa lina urefu wa kama mita 25. Kwa 1:48 ni milimita 520, vinundu 65. Tuseme mabogi yake yameachana mita 18, ambazo ni milimita 375. Lipitishe R40, katikati ya behewa itaingia ndani ya kona kwa milimita 60. Upana wa behewa zima ni 64! Pale katikati ya kona, abiria wa kiti cha kati hana reli chini yake. Hilo ndilo behewa langu la madirisha kumi na mawili.

Dawa ya kwanza ni kufupisha. Wajenzi wengi hukata behewa hadi vinundu 32, wengine 36 au 40. Hawalibani lote kwa uwiano, maana madirisha yangekuwa membamba kama ya msikiti wa kale. Wanapunguza idadi: badala ya madirisha kumi na mawili wanaweka saba, kila moja na ukubwa wake wa haki. Mlango unabaki mlango, choo kinabaki mwisho wa behewa, na jicho halihesabu. Kwa kweli jicho ni jepesi sana kudanganyika kwenye urefu. Ni kali kwenye kimo cha dirisha na kwenye rangi, lakini urefu linausamehe.

Dawa ya pili ni mahali pa kuweka mabogi, na hapa wengi hubahatisha bila sababu. Ukiyaweka mwishoni kabisa, katikati inaingia sana ndani. Ukiyasogeza katikati, ncha zinatoka sana nje. Kuna mahali ambapo kuingia na kutoka kunalingana, na mahali hapo ni karibu saba kwa kumi ya urefu wa behewa. Behewa la vinundu 32, weka mihimili ya mabogi ikiwa imeachana vinundu 22: kwenye R40 katikati itaingia milimita 12 na ncha zitatoka milimita 13. Hata mabehewa mawili yakipishana kwenye njia mbili zilizo sambamba, unajua kabla ya jaribio kama yatagusana. Hesabu hiyo inafanya kazi kwa urefu wowote, ilimradi kona ni duara.

Dawa ya tatu ni fedha. LEGO yenyewe kwa miaka mingi imeng'ang'ania R40, na pengo hilo limejazwa na watengenezaji wadogo wa nje kama BrickTracks, Trixbrix na Fx Bricks, wanaouza kona za R56, R72, R88, R104 na zaidi. Kila hatua inaongeza vinundu 16, kwa sababu njia mbili zilizo sambamba zinaachana vinundu 16, na kwa hivyo kona ya nje inaizunguka ya ndani bila kugombana. R104 ni nusu kipenyo cha milimita 832. Hapo ndipo treni inaanza kupinda kama treni.

Mlima uliokatwa vipande vitatu

Ukitaka kuona kona ikimtawala mhandisi, acha vitofali kidogo uende Makumbusho ya Reli Nairobi. Pale zimehifadhiwa Mount Gelai na Mount Shengena, vichwa viwili vya mvuke vya daraja la 59 vya East African Railways. Gelai ni mlima wa kando ya Ziwa Natron, Shengena ni wa Upare, na daraja zima la 59 lilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, vikaja kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara. Kila kimoja kina uzito wa takriban tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Havikuwahi kuwapo vichwa vya mvuke vizito na vyenye nguvu kuliko hivyo kwenye reli ya mita moja.

Swali ni lilelile la behewa langu. Unapitishaje kitu cha mita 32 kwenye reli nyembamba inayopanda milima kwa kujipinda-pinda? Jibu alikuwa nalo Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Alikata kichwa vipande vitatu. Mbele kuna injini yenye magurudumu yake na tangi la maji juu. Nyuma kuna injini ya pili inayotazama upande wa pili, nayo na tangi lake. Katikati, boila na chumba cha dereva vimening'inizwa kwenye fremu kama machela, kila upande umekaa juu ya mhimili wa injini moja. Injini zinafuata kona, boila linakatiza kwa mkato.

Chini ya boila hakuna magurudumu, kwa hiyo linaweza kuwa nene na kushuka chini. Boila la daraja la 59 lina kipenyo cha karibu mita 2.3, juu ya reli ya mita moja.

Kichwa cha Garratt kwa hiyo ni zawadi kwa mjenzi wa vitofali. Tatizo la R40 limeshatatuliwa na Manchester, wewe unanakili tu. Tena namba zake kwa 1:48 zinaangukia kwenye vinundu utadhani zilipangwa. Boila la mita 2.3 linakuwa milimita 48, vinundu 6 kamili. Magurudumu makubwa ya daraja la 59 yana kipenyo cha milimita 1372, yanakuwa 28.6, na gurudumu kubwa la treni la LEGO, lililokuja na seti ya Emerald Night mwaka 2009, lina karibu milimita 30. Urefu wote unafika vinundu 82. Ukikataa uongo wa reli na kujenga kwa 1:27 ili ile mita moja iwe ya kweli, kichwa hichohicho kinakaribia mita 1.2, na magurudumu inabidi uyachapishe mwenyewe kwa printa ya 3D, maana hakuna ya kununua ya milimita 51 yenye ukingo wa reli. Nimewahi kushawishika. Nilipohesabu vitofali nikarudi 1:48.

Lakini Garratt naye hatoki bure kwenye kona. Weka mihimili yake miwili ikiwa imeachana vinundu 36: boila likipita R40 katikati yake inaingia ndani milimita 34, zaidi ya nusu ya upana wa mwili. Kwenye R104 ni kama 13. Anayejenga daraja la 59 hapa hana ujanja, kona pana ni lazima.

Na kuna hasara moja ya moyoni. Uzuri wa mashine hizo ulikuwa ni ule mwili wa mita 3 uliosimama juu ya reli ya mita moja, tembo juu ya kigoda. Kwenye reli ya LEGO kigoda kimetanuka, na tembo amekaa kwa raha mno. Kama modeli ni ya kuwekwa kabatini tu, unaweza kutandika reli zako mwenyewe kwa mabamba, zikiachana vinundu 3, na hali hiyo ikarudi. Ikiwa itatembea, kubali.

Magurudumu yasiyo na ukingo

Kila injini ya daraja la 59 ina ekseli nne kubwa zilizofungwa pamoja kwa vyuma vya pembeni, na ekseli hizo hazipindi. Zikiwa zimeachana vinundu 5 kila moja, ya kwanza na ya nne zimetengana vinundu 15, milimita 120. Kwenye R40 zile za katikati zinatakiwa zisogee pembeni karibu milimita 5 ili zikae relini, na hazina pa kusogea. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, mdomo unaolizuia lisitoke. Mdomo huo ukisukumwa na reli, unapanda juu yake, na treni imeanguka.

Suluhisho ni kuyaweka katikati magurudumu yasiyo na mdomo kabisa, yaliyo laini kama pipa. Yanazunguka na wenzake, yanaonekana na wenzake, ila hayashiki reli, yanateleza juu yake kulia na kushoto. LEGO wanayatengeneza yote mawili. Nilidhani ni ujanja wa wachezaji, hadi nilipojifunza kwamba vichwa vya mvuke vya kweli vimetumia magurudumu ya namna hiyo kwa sababu ileile.

Vyuma vya pembeni vina siri nyingine. Kwenye kichwa cha mvuke chenye silinda mbili, chuma cha kulia hakiendi sambamba na cha kushoto. Vimetofautiana robo mzunguko, nyuzi 90. Sababu ni kwamba silinda ikifika mwisho wa mwendo wake haina nguvu ya kusukuma, imekufa kwa sekunde hiyo. Ya upande wa pili, ikiwa robo mzunguko nyuma, ndiyo kwanza iko kwenye nguvu zake. Kama zote mbili zingekufa pamoja, treni ingesimama isiweze kuondoka. Kwenye chuma, kupata nyuzi 90 sawasawa ni kazi ya karakana. Kwenye vitofali unapewa bure: ekseli ya LEGO ina umbo la msalaba, na msalaba una pande nne. Chomeka gurudumu la kushoto, geuza la kulia robo, chomeka. Kama umekosea utajua upesi, vyuma vitakwama na mota italia.

Umeme ulikuwa relini, sasa uko betrini

Hili nitalipitia haraka, ingawa ndilo linalozua ugomvi mkubwa kati ya wazee wa fani na vijana. Treni za 1966 zilikuwa na betri, volti 4.5, juu ya reli za bluu. Mwaka 1969 zikaja za volti 12, umeme ukipita kwenye reli za ziada katikati ya njia. Miaka ya 1980 reli zikawa za kijivu, na mfumo wa volti 12 ukapata swichi, yaani vipande vya reli vinavyohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, na taa, vyote vikiendeshwa ukiwa umekaa mezani. Kuna watu hadi leo hawataki kusikia kingine. Mwaka 1991 ukaja mfumo wa volti 9, reli zenyewe zikavishwa chuma na kubeba umeme. Kisha, kuanzia 2006, LEGO wakarudi kwenye betri: kwanza rimoti ya mwanga usioonekana, na tangu 2018 Bluetooth, unaendesha kwa simu.

Wazee wanalalamikia kifo cha volti 9 kwa sababu treni ilikuwa haiishiwi. Ni kweli. Lakini umeme wa relini una mtego. Reli moja ni chanya, nyingine hasi. Tengeneza njia inayozunguka na kujirudia yenyewe, ili treni igeuke na kurudi ilikotoka, na reli ya kulia inakutana na ya kushoto. Chanya imegusa hasi, shoti. Kwa betri unachora njia yoyote unayotaka.

Gharama ya betri ni uzito na nafasi. Kifaa cha sasa cha LEGO kinachukua betri sita ndogo za AAA, volti 9 zikiwa mpya. Ukiweka za kuchaji, zenye volti 1.2 kila moja, unapata 7.2 na treni inapungua mwendo. Kwenye behewa la vinundu 6 kifaa hicho kinakula chumba kizima. Kwenye Garratt kinazama ndani ya tangi la mbele, na bado unabaki na tangi la nyuma.

Na uzito huo usiulaani. Gurudumu linavuta kwa kadiri lilivyokandamizwa relini. Mota ya treni ya LEGO ina vipira vyembamba kwenye magurudumu yake, lakini hata vipira vinateleza kama hakuna kinachovikandamiza. Weka betri juu ya mota, siyo kwenye behewa la nyuma. Tani 252 za Mount Gelai zilikuwa na kazi hiyohiyo.

Upande wa kuvutwa, adui ni msuguano. Magurudumu ya kawaida ya treni ya LEGO yana ekseli ya chuma inayozunguka ndani ya plastiki, na yanateleza vizuri. Ukitengeneza bogi lako kwa ekseli ya plastiki ndani ya tundu la plastiki, behewa moja litavutika, la tano litakataa. Mabehewa yameshikana kwa sumaku, nazo zina kikomo: treni ndefu ikipanda mwinuko inaachia kati ya kichwa na behewa la kwanza, kwa sababu hapo ndipo mzigo wote unapovutia.

Boila la duara kwa vitu vya pembe

Nilisema nitaidai ile namba. Boila ni duara na vitofali ni miraba. Ukipanga vitofali vikitazama juu tu, unapata ngazi, siyo duara. Ujanja ni kujenga kiini katikati chenye vinundu vinavyotazama nje pande zote, juu, chini, kulia na kushoto, kisha ukakivisha ganda la vipande vilivyopinda. Shida inakuja pale kipande kilicholala ubavu kinapokutana na kilichosimama, maana kimo cha kitofali na upana wake havilingani. Mabamba matano kwa vinundu viwili ndiyo daraja la kuvukia. Kila panapokutana pande mbili, mjenzi anahesabu mabamba kwa vidole hadi afike tano.

Rangi ya daraja la 59 ni damu ya mzee. LEGO wana rangi inayokaribia sana hiyo, ila siyo kila kipande kimewahi kutengenezwa kwa rangi hiyo, na ndipo michoro mingi hufia. Unachora boila zuri kwenye kompyuta, kisha unagundua kipande cha pinde unachokitaka kimo kwa nyeusi na nyeupe tu. Tangu James Jessiman alipoandika programu ya LDraw mwaka 1995 watu wamekuwa wakijenga kwenye skrini kwanza, na leo wengi wanatumia Studio, programu ya bure ya BrickLink, soko la vipande la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019. Ushauri wangu: tafuta kipande sokoni kwa rangi yake kabla hujakizoea kwenye mchoro.

Na usianze na boila. Anza na fremu tupu, bamba refu lenye mabogi au injini mbili, bila hata kitofali kimoja cha urembo. Ipitishe kona ya kulia inayoingia moja kwa moja kwenye ya kushoto, kisha swichi, mbele na nyuma, pole pole halafu kwa kasi. Ikianguka, unabadilisha mhimili kwa dakika mbili. Ikianguka ukiwa umeshaivisha vitofali elfu moja, utalia. Fremu yangu ya Garratt ilianguka mara tatu mahali palepale kwenye swichi. Nilibadilisha magurudumu, nikabadilisha mihimili, nikasogeza betri. Kosa lilikuwa zulia.